Kiwanda kimesimama, mita inazunguka: niliyoyaona kwenye viwanda vya nondo

Watu wengi wakisikia habari ya kupunguza umeme kiwandani akili inakimbilia kwenye kununua, mashine mpya, sola juu ya bati, taa za LED nchi nzima. Sisemi ni vibaya. Ila mimi nimekaa kwenye umeme wa viwanda vya nondo miaka mingi, Dar na baadae Pwani, nimeanza fundi msaidizi wa kubeba ngazi mpaka nikafika kusimamia matengenezo, na kama kuna kitu kimoja ningependa kijana anayeingia kazi hii leo akijue ni hiki: usiangalie kiwanda kikiwa kinafanya kazi, kiangalie kikiwa kimesimama. Jumapili, saa ya chakula, wakati kreni imegoma, wakati bileti zimekwama kwenye rola na watu wanahangaika na nyundo na gesi ya kukatia. Hapo ndo hela inapotoka mlangoni na hakuna anayeiona kwa sababu wote wanaangalia mashine iliyoharibika.

Kwa ambae hajawahi kuingia humo, kiwanda cha nondo cha kwetu kwa kawaida kinaenda hivi. Skrepa inaingia, vyuma chakavu vya kila aina, bodi za magari, mabati, rimu, vipande vya mashine. Inatupwa kwenye tanuru la umeme, lile lililozungukwa na koili ya umeme, inayeyuka mpaka nyuzi joto 1,600 hivi, inamiminwa inakua bileti, yaani vipande virefu vya chuma vya mraba. Bileti inapoa, baadae inaingia tanuru la pili la mafuta mazito au gesi asilia, inapashwa tena mpaka 1,100 au 1,200, afu inapita kwenye rola moja baada ya nyingine inakonda mpaka inakua nondo ya milimita 12 au 16 au unayotaka. Inakatwa, inafungwa, lori linapakia. Basi. Ukiangalia hapo chuma kimechemshwa mara mbili kwa moto wa hela mbili tofauti, na hilo nitalirudia huko mbele maana ndo linaloniuma.

Mimi sikuanza kufikiria haya kwa sababu ya semina. Alieniwasha ni mama mhasibu. Kuna kipindi bileti ziliisha, rolin, yaani upande wa kupitisha bileti kwenye rola, ikasimama karibu wiki nzima, watu wakapewa likizo za lazima, na bili ya mwezi ilipokuja akanifuata karakana na karatasi mkononi. "Hivi nyie mafundi, tumekaa bila kuzalisha siku zote zile, mbona TANESCO wametuletea karibu hela ile ile?" Nikamwambia mama hapo umeuliza swali la maana, nipe bili za nyuma zote ulizonazo. Akanipa faili zima, na tani za kila mwezi akanitolea kwenye kompyuta yake.

Nikakaa na dogo mmoja wetu aliekua anaijua eksel vizuri kuliko mimi, tukaweka tani za mwezi upande wa chini, uniti za umeme upande wa juu, kila mwezi doti yake, afu tukachora mstari unaopita katikati ya zile doti. Kila mtu kiwandani alikua anaongelea uniti kwa tani, mwezi huu tumetumia uniti ngapi kwa tani, ikishuka watu wanapongezana ikipanda wanalaumiana. Sasa ule mstari haukuanzia sifuri. Ulikata pale juu kabisa, maana yake hata kama tani ni sifuri kuna umeme mwingi tu unaliwa kila mwezi, kama kodi ya nyumba, unalala unalipa. Na hiyo ndo ilikua inadanganya uniti kwa tani, mwezi wa uzalishaji mkubwa ile kodi inagawanywa kwenye tani nyingi namba inaonekana nzuri, mwezi mbaya inaonekana mafundi wamelala. Hakuna alieboresha kitu na hakuna alieharibu kitu, ni tani tu zimepanda na kushuka.

Kwahiyo kazi ikawa ni kuitafuta ile kodi imekaa wapi. Tukaenda Jumapili.

Aisee, kiwanda cha chuma Jumapili ni kitu kingine. Siku za kazi husikii hata mtu anaekupigia kelele sikioni, Jumapili unasikia kila kitu. Tulikuta kompresa, ile mashine ya kubana hewa, inaunguruma. Hakuna mtu hata mmoja anaetumia hewa, lakini inaunguruma, inapumzika kidogo, inaunguruma tena. Pampu za maji ya kupozea zote zinazunguka wakati tanuru lenyewe limeshapoa tangu jana yake mchana. Feni ya mnara wa kupozea maji nayo inapepea maji ambayo tayari ni ya baridi. Feni kubwa ya kuvuta moshi na vumbi inavuta hewa safi. Taa za uwanjani zinawaka saa nne asubuhi jua limewaka kichwani. Transfoma zote ziko hewani hata ile ya laini ambayo ilikua haijafanya kazi muda mrefu. Tukasoma mita, tukazima kimoja, tukasoma tena, tukazima kingine, mpaka mchana tukawa na daftari linaloeleza ile kodi karibu yote. Hatukua na kifaa cha maana zaidi ya klampu mita, ile ya kubana waya kupima umeme unaopita, na mita kubwa ya kiwanda.

Niongee kidogo kuhusu hewa maana hii ndo watu wanaidharau kuliko zote. Hewa ya kompresa watu wanaiona ni ya bure kwa sababu ni hewa, kumbe ndo nishati ya bei mbaya kuliko zote kiwandani. Umeme unaoingia kwenye kompresa, sehemu kubwa sana inakua joto, kinachobaki kufanya kazi kwenye silinda huko mwisho ni kama asilimia 10 mpaka 15 tu. Kwenye viwanda visivyofuatiliwa, leki, yaani sehemu hewa inapovuja, peke yake zinaweza kula asilimia 20 mpaka 30 ya hewa yote inayozalishwa. Tundu la milimita 3 kwenye presha ya baa 7 linakula karibu kilowati 4, mchana na usiku, na tundu la milimita 3 wala huwezi kuliona kwa jicho kama hujalitafuta.

Kuna kipimo rahisi ambacho hakihitaji mtaalamu kutoka popote. Zima kila kinachotumia hewa, acha kompresa iwake, chukua saa ya simu. Hesabu inabeba mzigo dakika ngapi na inapumzika dakika ngapi. Ikibeba dakika 3 ikapumzika 7, basi asilimia 30 ya uwezo wake inaenda kwenye leki, hiyo ni hesabu ya darasa la saba. Na hata ikipumzika usidhani imezima, kompresa ya skrubu ikiwa inazunguka bila mzigo bado inakula kama robo mpaka theluthi ya umeme wake.

Tulizitafuta leki kwa ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya rangi. Sehemu kubwa hazikua kwenye mabomba makubwa, zilikua huku mwisho mwisho, kwenye kaplingi za hozi, kwenye hozi zilizopasuka zikafungwa na mpira wa tyubu ya baiskeli, kwenye sili za silinda za pale kwenye meza ya kupozea nondo, kwenye valvu za kutoa maji yanayojikusanya kwenye hewa ambazo mtu aliziacha wazi kidogo makusudi ili asiwe anaenda kutoa maji kila shifti. Unapaka povu, linaanza kuchemka, unafunga kitambaa chekundu unaendelea. Tulipofika mwisho tukageuka nyuma, vitambaa vilikua vimejaa ukuta mzima mpaka dogo akacheka.

Na kuna leki ambayo haizibwi na fundi. Vijana wa pale kwenye tanuru walikua wamechomoa hozi wanajipulizia wenyewe mwilini. Meneja mmoja akataka kuwapa barua. Mimi nikasema hapana, simama wewe pale nusu saa mwezi wa kumi na mbili, Dar, mbele ya chuma cha nyuzi elfu moja na kitu, afu useme. Kwanza ni hatari, hewa ya presha ile ikiingia kwenye jicho au kwenye kidonda ni matatizo makubwa, lakini huwezi kumkataza mtu kupoa bila kumpa kitu kingine. Wakanunuliwa feni kubwa za kusimama, feni inakula umeme kidogo sana ukilinganisha na ile hozi, hozi zikarudi zenyewe kwenye silinda bila barua ya mtu yeyote.

Presha nayo. Geji ilikua inasoma baa 8 na nusu. Kwanini? Kwa sababu kuna silinda moja huko mwisho kabisa ilikua inasukuma kinyonge, kila akija supavaiza mpya anapandisha presha ya kiwanda kizima kwa ajili ya silinda moja. Kila baa moja unayopandisha inaongeza umeme wa kompresa asilimia 6 au 7 hivi, na leki nazo zinavuja zaidi kwa sababu zinasukumwa zaidi. Tatizo lilikua bomba jembamba lililowekwa kipindi kiwanda kinapanuliwa, tukabadilisha kipande kile tukaweka na tenki dogo la hewa karibu na ile silinda, presha ikashuka mpaka 6 na nusu na silinda ikawa na nguvu kuliko mwanzo.

Haya, tuingie kwenye matanuru maana huko ndo kwenye hela nzito, hewa ni mazoezi tu.

Tanuru la kuyeyushia. Kwa hesabu ya fizikia tani moja ya chuma kuipeleka mpaka iyeyuke ifike 1,600 inahitaji kama uniti 380 mpaka 400. Viwandani utakuta watu wako 550, 600, 650, na wengine zaidi. Tofauti inaenda wapi? Nyingine inaondoka na maji yanayopoza koili, hiyo huwezi kukwepa sana, ni tabia ya mashine. Lakini nyingine inaondoka kwa kusubiri. Chuma kimeshaiva, kreni iko upande wa pili inabeba skrepa, subiri. Sampuli imepelekwa maabara, kijana wa maabara ameenda kunywa chai, subiri. Ladli, ndoo kubwa ya kubebea chuma kilichoyeyuka, haijapashwa moto, subiri. Na ukisubiri na chuma cha nyuzi 1,600 mdomo wazi, joto linaruka juu kwa mionzi, na mionzi inapanda kwa kasi kuliko joto lenyewe, kwa kipeo cha nne cha joto kamili kama walivyotufundisha chuoni. Opareta anaweka umeme wa kushikilia tu kisipoe, uniti zinaenda na hakuna hata gramu moja mpya iliyoyeyuka.

Mfuniko ulikuwepo. Tanuru lilikuja na mfuniko wake! Ulikua umeegeshwa ukutani una kutu kwa sababu silinda yake iliharibika zamani na kufungua kwa mkono ni taabu, na watu walishazoea. Ule mfuniko kuurudisha kazini ilikua kazi ndogo kuliko kikao cha kujadili mfuniko.

Skrepa yenyewe pia, hapa wenzangu wa manunuzi mtanisamehe. Skrepa ikija na mchanga na udongo, unanunua mchanga kwa bei ya chuma, afu unauyeyusha kwa umeme uwe takataka ya juu, afu unalipa mtu aichote, na wakati anaichota mfuniko uko wazi. Tukaweka sehemu ya kuchambua na kukung'uta kabla ya kupakia kwenye kikapu, na bodi nyembamba zikawa zinakandamizwa ziwe marobota, maana skrepa iliyojaa hewa ndani inafanya tanuru liwe nusu tupu na tanuru nusu tupu linakula vibaya.

Tanuru la kupashia bileti ndo somo langu kubwa, na sio la ufundi. Chukua tani ya chuma, ipeleke 1,200, inahitaji kama gigajuli 0.8. Lita ya mafuta mazito ina karibu megajuli 39. Piga hesabu, ni lita 20 na kitu kwa tani kama hakuna kinachopotea. Viwanda vingi vidogo vinatumia lita 40 na zaidi. Nusu inaenda kwenye bomba la moshi, kwenye kuta, kwenye mlango usiofunga vizuri, na kwenye kusubiri tena.

Rolin ikikwama, chuma kinagoma kuingia rola inayofuata, kinaruka juu kinajikunja kama tambi nyekundu, kila mtu anakimbia, ving'ora, shifti nzima inasimama. Dakika 20, dakika 40, saa nzima wakati mwingine. Na bena, yaani vichomeo vya mafuta vya tanuru, zinawaka vile vile kwa nguvu zote. Nikamuuliza opareta wa tanuru, mzee mmoja mtaratibu sana, kaanza kazi hizo kabla hata mimi sijamaliza sekondari, nikamwambia mzee wangu mbona hushushi moto wakati wamesimama? Akaniangalia. "Mwanangu, nikishusha, wale wakimaliza baada ya dakika kumi watanikuta bileti zimepoa, supavaiza atapiga kelele tanuru linachelewesha, na bonasi ya tani ya shifti nzima itakatwa kwa jina langu. Nikiacha moto hakuna atakaeniuliza mafuta."

Pale nikaelewa kwamba ningeweza kuleta bena za Ujerumani na bado ingekua vile vile. Mtu analipwa kwa tani, halipwi kwa lita. Anafanya kitu chenye akili kabisa kwa upande wake.

Tulichofanya ni kubandika ubao pale kwenye tanuru unaosema ikisimama zaidi ya dakika 15 moto unashushwa mpaka kiwango fulani, zaidi ya saa moja unashushwa zaidi, na anaetangaza muda wa kusimama ni mtu wa rolin, sio wa tanuru, na dakika za kupasha tena zinaandikwa kama dakika za rolin kwenye ripoti. Hiyo sentensi ya mwisho ndo iliyofanya kazi, hayo mengine ni mapambo. Mzee akaanza kushusha moto siku ile ile. Na faida ikaja na nyingine ambayo hatukuifikiria mwanzo, magamba. Chuma kikikaa kwenye moto mkali muda mrefu uso wake unaungana na oksijeni unakua magamba yanadondoka, asilimia 1 mpaka 3 ya chuma chote inaweza kuondoka hivyo. Hicho ni chuma ulichokinunua, ukakiyeyusha kwa umeme, ukakichoma kwa mafuta, afu unakifagia.

Upande wa moto wenyewe kuna imani moja mafundi wengi tunayo, kwamba moshi mweusi ndo mbaya, ukiona bomba halitoi moshi basi moto ni mzuri. Kumbe mtu akiogopa moshi anafungua hewa nyingi, na hewa iliyozidi inaingia ya baridi inatoka ya moto, imebeba mafuta yako kwenda angani kimya kimya bila rangi yoyote. Inabidi upime oksijeni kwenye moshi. Kifaa cha mkononi kipo, sio cha bei ya kutisha ukilinganisha na bili ya mafuta ya wiki. Na kama bomba lako la moshi lina joto sana, ule moto unaweza kupasha hewa inayoingia kwenye bena, kila nyuzi 20 na kitu unazoipandisha hewa ile unaokoa kama asilimia 1 ya mafuta. Viwanda vilivyohamia gesi ya Songo Songo wamepumzika mambo ya kupasha mafuta mazito na masizi kwenye bena, ile gesi ipo Dar tangu 2004, lakini gesi nayo ukiizidishia hewa inapotea vile vile.

Sasa turudi kwa mama mhasibu na bili yake, maana kuna sehemu ya jibu lake ilikua haipo kwenye uniti kabisa. Mteja mkubwa wa TANESCO analipa uniti na analipa dimandi, yaani kile kilele chako cha juu kabisa cha mwezi kwa kVA, kipimo cha umeme wote unaouvuta kwenye laini. Ukigusa kilele mara moja tu, umekilipia mwezi mzima. Hata ukisimama wiki, kile kilele cha Jumatatu ya kwanza bado kipo kwenye bili. Na Jumatatu kwetu ilikua inaendaje? Saa moja kamili kila mtu anawasha chake. Tanuru la umeme kwa nguvu zote, kompresa zote, mota za rolin, pampu, kreni. Ratiba ya kuwasha kwa zamu, huyu saa moja, yule saa moja na nusu, ni karatasi moja tu ya A4 ukutani.

Afu kuna pawa fakta, yaani katika umeme wote unaouvuta ni sehemu gani inafanya kazi kweli. Kiwanda kikiwa kinavuta kilowati 1,000 kwa pawa fakta ya 0.72, TANESCO wanaona kVA 1,389. Ukiipandisha ikawa 0.96 wanaona 1,042. Kazi ile ile, nondo zile zile, pungufu ya kVA 347. Kwa ile bei ya msongo wa kati iliyotangazwa na EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, 2016, shilingi 13,200 kwa kVA kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya milioni 4 na nusu kila mwezi. Dawa ni kapasita, kila fundi anajua. Asichokijua kila fundi ni kwamba tanuru la koili linachafua umeme, linarusha hamoniki, yaani mawimbi machafu ya umeme, kwenye laini, na kapasita za kawaida zinazivuta zile hamoniki zinavimba, zinapasuka, moja baada ya nyingine, mwenye kiwanda anasema kapasita feki za Kariakoo. Wakati mwingine ni feki kweli! Ila hata orijino itapasuka kama hujaweka riakta, koili ya kuzizuia hamoniki, mbele yake. Kwahiyo ukipewa kotesheni ya kapasita kwenye kiwanda chenye tanuru la umeme na haina riakta, rudisha.

Mota nitasema kidogo. Mota kubwa inayozunguka mwaka mzima inakula umeme wa thamani kubwa mara nyingi kuliko bei yake ya dukani, kwahiyo kuisuka upya mara ya tano kwa fundi wa mtaani kwa sababu ni rahisi sio rahisi. Na feni yoyote ambayo unaidhibiti kwa kufunga dampa, yaani mota inasukuma kwa nguvu zote na wewe umeziba mlango wa hewa, weka inveta, kifaa cha kubadili spidi ya mota. Ukishusha spidi ya feni mpaka asilimia 80, umeme unashuka mpaka karibu nusu. Hakuna kitu kingine kiwandani kinacholipa namna hiyo.

Watu wataniuliza na kukatika kwa umeme je. Ni kweli, mgao unaharibu kila hesabu, chuma kikigandia kwenye tanuru ni msiba wa shifti mbili tatu, na jenereta lazima liwake kusukuma maji ya koili yasije yakachemka. Tangu mitambo ya Bwawa la Nyerere ianze kuingia 2024, yote tisa ni megawati 2,115, hali ya uzalishaji imekua nyingine kabisa, kelele zilizobaki nyingi ni za laini na transfoma za mtaani. Ila kisingizio cha mgao kilikua kinatufaa sana kwenye vikao, kila kitu kilikua mgao, hata kompresa ya Jumapili ilikua mgao.

Jamaa yangu alieko Athi River anasema kwao Kenya kanuni ya 2012 ilisema kiwanda kinachotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka lazima kifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka 3, na sio kukaguliwa tu, angalau nusu ya yaliyoonekana yanaweza kuokolewa lazima yatekelezwe. Ile sehemu ya pili ndo ningeitaka. Maana ripoti za ukaguzi mimi nimeziona, nzuri, zina picha za rangi za kamera ya joto, zinakaa kwenye droo ya meneja chini ya kalenda za mwaka juzi. Nyingi zinapima kiwanda kikiwa kinafanya kazi vizuri, siku ya ugeni, sakafu imefagiliwa.

Limebaki lile la kuchemsha chuma mara mbili. Bileti inatoka kule kwenye kumimina ikiwa bado na nyuzi 600 au 700. Ukiishika ikiwa 600 ikaenda moja kwa moja kwenye tanuru la pili, ina karibu asilimia 40 ya joto linalohitajika tayari ndani yake, bure. Sisi tunaipanga uwanjani ipoe, mvua inainyeshea, kesho tunaichukua baridi tunaichomea mafuta. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ni wa kutembea huku unaongea na simu. Kinachozuia sio reli wala kreni. Kuyeyusha wanafanya zaidi usiku, rolin wanafanya mchana. Saizi zinachanganyika, bileti ya moto huwezi kuikagua nyufa kwa kuigusa, na kuna mabosi wawili tofauti kila mmoja na tani zake.

Saivi tumeanza na saizi moja tu, milimita 12, shifti ya usiku siku mbili za wiki, bileti zinapita na toroli la chuma lililofunikwa na bati na sufi ya kuzuia joto lisitoke, kazi ya karakana yetu wenyewe. Mafuta kwa tani usiku huo yanashuka, hilo halina ubishi hata kwa mama mhasibu. Ubishi uliopo ni bileti yenye ufa ikigundulika ikiwa tayari ndani ya rola inaandikwa kwa nani, kwa waliomimina au kwa waliopitisha, na mpaka naandika hapa kikao cha Alhamisi iliyopita kiliahirishwa kwa sababu hilo halijapata jibu.